Kung'oa gego la mwisho: siku tano za kulinda donge la damu

Nimeng'olewa magego mawili ya mwisho, yote ya chini, yakipishana kama miaka miwili. La kwanza lilinitesa siku tisa. La pili, siku ya nne nilikuwa kazini. Madaktari walikuwa tofauti, ila tofauti niliileta mimi mwenyewe. Mara ya kwanza, jioni ileile nilisukutua maji ya moto yenye chumvi kwa nguvu zote, nikatema, nikasukutua tena, maana shangazi alishikilia kwamba "damu mbaya lazima itoke". Kumbe nilichokuwa natema ni kizibo kilichofunika mfupa wangu.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuambiwa "hilo litoke" na sasa anahesabu siku. Daktari aliyekuangalia kinywani akikuambia tofauti na nisemavyo hapa, mfuate yeye.

Kwanza: hakikisha linastahili kutoka

Magego ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya akili, huchomoza kati ya miaka 17 na 25, wakati meno mengine yamekwisha kushika nafasi zao. Kuna mwenye manne, kuna mwenye mawili, na kuna asiyeota hata moja. Likipata nafasi, husimama na kutafuna kama wenzake, na hilo halina kosa. Likikosa nafasi hulala ubavu, au hukwama nusu ndani nusu nje huku ufizi umelifunika kama kofia. Chini ya kofia hiyo chakula hujificha na mswaki haufiki. Ndipo huja ule uvimbe wa nyuma ya taya, mdomo kugoma kufunguka na kumeza mate kuwa kazi.

Sababu zinazoeleweka za kuling'oa ni hizi: uvimbe wa ufizi unaorudi kila baada ya muda, jino lililooza kiasi cha kutozibika, jino linaloozesha gego la jirani, au picha inayoonyesha uvimbe wenye majimaji ndani ya mfupa. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa huduma yao ya afya unaelekeza kwamba gego lililokwama lakini lisilo na ugonjwa liachwe. Marekani vijana wengi huondolewa yote manne mapema, na ndiyo maana mtandaoni kumejaa video za vijana wa kule wakiropoka huku dawa ya usingizi haijawatoka. Usijipime kwa video hizo. Muulize daktari wako: "Tukiliacha, kutatokea nini?" Jibu lihusu jino lako, siyo meno ya watu wote.

Wapo pia wanaokataa kung'oa la juu kwa sababu wamesikia litawaharibu macho. Mshipa wa jino na mshipa wa kuona ni vitu viwili mbalimbali. Aliyeanza kuvaa miwani baada ya kung'oa jino angeivaa tu, jino liwepo lisiwepo.

Pili: picha, na mikono ya kuling'oa

Gego la juu lililosimama wima hutoka kirahisi, mara nyingi kwa dakika chache. Gego la chini lililolala ni habari nyingine, na usikubali liguswe bila picha. Inayofaa zaidi ni ile ya taya zima, unayosimama wima mashine ikakuzunguka kichwa. Hospitalini wanaiita OPG. Picha hiyo inaonyesha mizizi imepinda vipi na iko karibu kiasi gani na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Mshipa huo ndio unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Ukiumia, unaweza kukaa na ganzi ya mdomo kwa wiki au miezi, na kwa wachache sana isiondoke.

Mizizi ikiwa imeukumbatia mshipa, omba rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Kwa Dar es Salaam wako Muhimbili, penye pia chuo kinachofundisha madaktari wa meno. Ukiwa mkoani, anza na hospitali ya rufaa. Wakati mwingine bingwa huamua kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi palepale kwa makusudi, ili asiuguse mshipa. Ukiambiwa hivyo usidhani kazi imefanywa nusunusu.

Uliza bei ya jumla: picha, upasuaji, nyuzi, dawa na siku ya kurudi. Kama una bima, uliza kwa maneno haya hasa: "Inalipia kung'oa kwa upasuaji, au kung'oa kwa kawaida tu?" Hayo ni mambo mawili kwenye karatasi za malipo, na usingependa kuyajulia dirishani.

Kisha sema yote uliyo nayo mwilini. Presha, kisukari, pumu, selimundu, vidonda vya tumbo, ujauzito, mzio wa dawa. Taja dawa za kufanya damu iwe nyepesi kama warfarini au aspirini, na dawa za kuimarisha mifupa kama umewahi kuzitumia. Usiziache kwa uamuzi wako. Wewe taja tu, daktari ndiye atakayepanga.

Tatu: chagua siku, jaza jiko

Chagua Jumatatu au Jumanne asubuhi. Matatizo ya jino lililong'olewa hupenda kujitokeza siku ya tatu au ya nne. Ukiling'oa Alhamisi, siku ya tatu ni Jumapili, daktari wako yuko kanisani au shambani, na wewe umeshika shavu. Mimi la kwanza nililing'oa Ijumaa ili "nipumzike wikiendi". Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni pa kliniki, kabla hata mlinzi hajamaliza chai yake.

Ukifunga Ramadhani, na jino halina dharura, lisogeze hadi baada ya Idi. Vidonge vya mchana, kusukutua, uji kidogokidogo na maji mengi ni vitu vigumu kuvipanga kati ya daku na futari.

Kabla ya siku yenyewe, weka ndani: unga wa uji, ndizi mbivu, parachichi, maziwa mgando, mayai, viazi mviringo, chumvi, mswaki laini, majani ya chai ya vifuko na mito miwili. Gandisha maji kwenye chupa ndogo mbili, au mwambie mapema jirani mwenye friji. Weka pia mafuta ya mgando ya kupaka pembe za mdomo, maana zitavutwa hadi zichanike.

Kama ni sindano ya ganzi tu, kula ushibe kabla ya kwenda na upige mswaki vizuri. Kama utalazwa usingizi kabisa, mambo yanageuka: kwa kawaida hakuna chakula kwa muda wa saa sita kabla, na hospitali itakupa masharti yake. Vyovyote, nenda na mtu, na usirudi kwa bodaboda, hasa kama umepewa dawa ya usingizi. Mara ya pili nilienda na dada yangu; faida yake kubwa ni kwamba alisikia maelekezo yote, kwani mimi nilikuwa naitikia tu kwa kichwa.

Nne: kwenye kiti

Sindano huuma kwa sekunde chache, kisha mdomo na nusu ya ulimi huwa vizito. Moyo ukienda mbio kidogo usishtuke: ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini ili isiishe upesi na damu isitoke sana. Hupita baada ya dakika chache.

Kwa gego lililolala, daktari hupasua ufizi, hupunguza mfupa kidogo, na mara nyingi hulikata jino vipandevipande kabla ya kulitoa. Utasikia mashine inavuma, maji yanamwagika, na mlio kama kuni inayopasuliwa. Utahisi kusukumwa. Maumivu makali hupaswi kuyahisi. Ukiyahisi inua mkono, utaongezewa ganzi. Usivumilie ili uonekane jasiri. Kazi nzima inaweza kuchukua dakika ishirini au ikafika saa moja. Kisha nyuzi, kisha pamba ya kuuma.

Tano: saa 24 za kwanza

Tundu alikotoka jino hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa donge. Donge hilo ndilo bandeji ya mfupa wako, na ndani yake ndimo nyama mpya huanza kuota. Makatazo yote utakayopewa, hata yale yanayoonekana ya ajabu, yana shabaha moja: donge lisitoke.

Uma pamba kwa nguvu, bila kutafuna, kwa dakika 30 hadi 45. Usiifungue kila dakika mbili kuangalia, kwa sababu kila ukiifungua unalibandua donge linalojishika. Mate yenye wekundu hadi kesho yake ni kawaida: tone la damu hufanya mate mengi yaonekane damu tupu. Meza mate, au yaache yadondoke yenyewe kwenye kitambaa, ila usiteme kwa nguvu.

Damu ikianza upya, kaa wima, kunja shashi safi, ilaze juu ya tundu na uume nusu saa bila kuongea. Huna shashi? Chovya kifuko cha majani ya chai kwenye maji ya moto, kiache kipoe, kikamue, ukiume vivyo hivyo. Majani ya chai yana kitu cha kukaza kinachosaidia damu kuganda. Ikiendelea kububujika baada ya kurudia mara mbili, rudi hospitali usiku huohuo.

Siku hii usisukutue kabisa. Usinywe kwa mrija, usinyonye embe wala mfupa, usinyonye kidonda kwa ulimi. Usivute sigara, nayo si siku moja tu, jitahidi zifike tano, na wiki ni bora zaidi, kwani moshi na kule kuvuta vyote ni adui wa donge. Miraa na ugoro vilevile. Pombe iache, hasa kama umeandikiwa metronidazoli, mojawapo ya dawa za kuua vijidudu. Usibebe ndoo za maji, usicheze mpira, usiiname kufua. Chakula na chai viwe vya vuguvugu au baridi.

Weka barafu shavuni juu ya kitambaa, dakika 15 au 20, kisha pumzisha kwa muda kama huo. Barafu hufaa siku ya kwanza. Baada ya siku mbili haina kazi kubwa, na hapo kitambaa cha vuguvugu kinalegeza taya vizuri zaidi. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Na mpaka ganzi iishe usitafune chochote, maana utauma mdomo wako bila habari. Mwenye mtoto aliyeng'olewa jino anajua ninachosema.

Dawa za maumivu zianze kabla ganzi haijaisha. Hapa wengi hukosea: husubiri waumie ndipo wameze, wakalia kwa saa moja wakingoja kidonge kifanye kazi. Kwa mtu mzima mwenye afya, mchanganyiko unaotumika sana ni parasetamoli miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500, kila baada ya saa sita, pamoja na ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula. Parasetamoli isizidi vidonge vinane kwa saa 24. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, wala baadhi ya wenye pumu. Kama umeandikiwa diklofenaki, usiongeze ibuprofeni juu yake. Hizo ni ndugu wa tumbo moja. Aspirini usijipe mwenyewe kwa maumivu haya, kwa sababu inazidisha kutoka damu, na kuibandika kwenye ufizi kama wafanyavyo wengine huunguza nyama.

Dawa za kuua vijidudu si lazima kwa kila jino. Ukiandikiwa, zimeze hadi ziishe. Usipoandikiwa, usizifuate mwenyewe duka la dawa.

Sita: siku ya pili hadi ya tano

Utaamka na shavu limevimba, na kesho yake litavimba zaidi. Uvimbe hufika kilele kati ya saa 48 na 72, halafu huanza kushuka. Unaweza kupata alama ya bluu au njano shavuni, ikateremka hadi shingoni. Watu watakuuliza nani kakupiga. Taya pia litakaza. Baada ya siku ya tatu anza kulifungua taratibu, mara kadhaa kwa siku, bila kulilazimisha.

Saa 24 zikipita, ndipo chumvi. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Chukua fundo, inamisha kichwa upande wa kidonda, yaache maji yatulie kidogo, inamisha upande mwingine, kisha fungua mdomo yaanguke sinkini. Bila kusukasuka, bila kutema. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Meno mengine yapige mswaki kama kawaida, ukikwepa nyuzi. Kinywa kichafu hakiponi upesi.

Chakula ni eneo ambalo sisi tumejaliwa. Uji wa lishe, mtori uliosagika vizuri, viazi vya kuponda, mayai ya kuvuruga, parachichi, maziwa mgando kwa kijiko, supu iliyochujwa na kupozwa. Mfalme wa yote kwangu ulikuwa ugali laini kwa mlenda: unateremka wenyewe, meno hayaulizwi. Kaa mbali na karanga, bisi, chipsi kavu, mishikaki na pilipili. Adui ambaye hakuna anayekutajia ni wali. Punje yake ni saizi ya tundu lako kabisa, ikiingia haitoki.

Tundu ukilichungulia kwa tochi ya simu, utaona utando mweupe au wa manjano. Wengi hudhani ni usaha, wakaukwangua kwa kijiti. Uache! Kama hakuna harufu mbaya wala maumivu yanayopanda, huo ni utando wa kupona.

Siku ya tatu ikigeuka

Maumivu ya kawaida hushuka kidogo kila siku. Yakishuka, halafu siku ya pili hadi ya tano yakapanda ghafla, yakachoma hadi sikioni, vidonge vikashindwa, na mdomo ukawa na ladha chafu, donge limeondoka na mfupa uko wazi. Madaktari huliita tundu kavu. Hutokea zaidi kwa magego ya chini, kwa wavutaji sigara, kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na kwa watu kama mimi wanaowasikiliza shangazi zao.

Hilo halitibiwi nyumbani, wala halihitaji kwanza dawa za kuua vijidudu. Daktari huliosha tundu na kuweka dawa ndani, ambayo mara nyingi ina mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu zilezile za Pemba. Kiini chake kinatia ganzi. Nilivyowekewa, maumivu ya siku mbili yalizima kabla sijafika kituo cha daladala. Lakini usiende kumimina mafuta ya karafuu ya dukani mwenyewe kwenye kidonda kibichi, yanaunguza.

Mambo mengine hayasubiri asubuhi: uvimbe unaoteremka chini ya kidevu na shingoni, kushindwa kumeza mate, pumzi kuwa nzito, sauti kubadilika, ulimi kuinuliwa juu, au homa kali na kutetemeka. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali kubwa, siyo zahanati wala duka la dawa. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

Usaha unaotoka, au uvimbe unaokua baada ya siku ya nne badala ya kupungua, unahitaji daktari siku hiyohiyo. Ganzi ya mdomo isiyoondoka kesho yake mwarifu pia, aiandike kwenye faili lako. Mara nyingi hurudi polepole ikianza kama kuwashwa.

Kwa magego ya juu kuna sharti jingine. Mizizi yake hukaribiana na uwazi wa mfupa ulio pembeni mwa pua. Kwa wiki mbili usipenge kamasi kwa nguvu, na ukipiga chafya, ipige mdomo ukiwa wazi. Ukinywa maji yakatokea puani, rudi.

Wiki zinazofuata

Nyuzi nyingi za siku hizi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki moja au mbili, zikidondoka kama vijinyuzi vya kushonea nguo. Zisipoyeyuka utaambiwa siku ya kuja kutolewa. Kazi ya ofisini wengi huirudia siku ya tatu hadi ya tano. Mwenye kubeba mizigo asubiri wiki. Ufizi hufunga ndani ya wiki tatu au nne, lakini mfupa chini yake huchukua miezi kujaa, kwa hiyo usishangae kishimo kikikamata chakula kwa muda mrefu. Kliniki nyingine hukupa bomba la sindano lisilo na sindano, ujaze maji ya chumvi na kukiosha taratibu kuanzia kama siku ya tano. Nilipewa mara ya pili. Hilo bomba, na subira hadi siku ya kumi na mbili, ndivyo vilivyonirudisha kwenye wali, tena nikitafunia upande wa pili.